Mbegu za pilipili adimu, hapa hapa Dodoma

Ndugu, umeuliza utapata wapi mbegu za habanero ya rangi ya chokoleti, na kama itakubali jua la Dodoma. Itakubali. Ni jamaa wa karibu wa pilipili mbuzi, na hiyo unaiona sokoni Majengo kila siku.

Kuagiza mbegu nje kunahitaji kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kwa hiyo anza kwa kuuliza wakulima wenzako. Ukipata tunda moja lililoivia mtini, toa mbegu, anika kivulini wiki moja. Ila kama mama yake ni chotara, watoto hawatafanana naye.

Kuota ndiko kunakowakatisha watu tamaa. Aina hizi huchukua wiki mbili hadi nne, na zinataka udongo wenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Tafadhali usifukue kuchungulia! Sia Septemba au Oktoba. Baridi ya usiku ya Juni na Julai huzichelewesha sana.

Mchana, zitundikie neti ya kivuli na uzikinge na upepo, maana joto likizidi nyuzi 32 maua hupukutika. Maji ya kisima yakiwa na chumvi, kusanya ya mvua umwagilie hayo.