Usiache vidonge vya presha kwa sababu ya plastiki

Hiyo chupa ya dawa ya asili ya "kusafisha plastiki kwenye damu" usiinunue. Kama umeshainunua, iweke kando, na kidonge chako cha leo, kama bado hujakimeza, kimeze sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Umeandika kwamba presha yako ni 160 kwa 100, kwamba umesikia kemikali za plastiki zinaharibu moyo, na kwamba mtu amekushauri usimamishe amlodipini, kidonge chako cha presha, kwa mwezi mmoja ili dawa yake ya asili ipate nafasi. Macho yangu yaliganda kwenye huo mwezi mmoja. Mimi nilifika siku ya kumi na tisa.

Nina duka la vitenge hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Kwa miaka mingi chakula changu cha mchana kililetwa na kijana: matoke kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, na mchuzi wa karanga kwenye kavera nyingine, umetoka jikoni unachemka. Ukifungua unakuta kavera imelegea kama utando wa maziwa, mafuta ya karanga yamejaa kwenye mikunjo. Kwa hiyo muuzaji wa dawa kama hiyo yako alipoingia dukani na simu yake, alinikuta nina wasiwasi tayari.

Na alichonionyesha kilikuwa kweli. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ni habari ya mwaka 2024 kutoka Italia: madaktari walichunguza mafuta yaliyoganda ndani ya mishipa ya shingo ya wagonjwa 257, na katika 150 wakakuta chembe za polyethilini, plastiki ile ile inayotengenezewa kavera. Waliokutwa na plastiki walipatwa na shambulio la moyo, kiharusi au kifo mara nne na nusu zaidi ya wenzao, katika muda wa karibu miaka mitatu. Madaktari wenyewe walisema hiyo haithibitishi kwamba plastiki ndiyo iliyosababisha. Muuzaji hakufika kwenye sentensi hiyo. Aliuliza ninameza nini, nikamtolea pakiti, akasema vidonge vya hospitali vinafungia sumu ndani, niviache mpaka chupa tatu ziishe. Akaondoka na shilingi 380,000 zangu.

Siku ya kumi na tisa nilikuwa nampimia mama mmoja kitenge, ncha ya kitambaa ikaniponyoka mkono wa kushoto. Nikaishika, ikaponyoka tena. Yule mama akaniangalia usoni akasema, "Mzee, mbona mdomo umeenda upande?" Nilitaka kumjibu, maneno yakatoka kama nina ugali mdomoni. Yeye ndiye aliyeita boda, akanishikilia kwa nyuma mpaka hospitali. Kipimo kilisema 214 kwa 122. Nilipokuwa nameza vidonge ilikuwa 138 kwa 86. Nililala wodini siku kumi na moja, pikipiki ya biashara ikauzwa, na mpaka sasa kifungo cha shati nafungiwa na mke wangu.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu wataalamu wa mitaani hawatakupa hesabu hii. Korea Kusini watu 60 wenye umri wa zaidi ya miaka 60 walipewa maziwa ya soya, siku nyingine kwenye chupa za kioo, siku nyingine kwenye makopo. Makopo mengi wakati huo yalipakwa ndani utando wenye bisfenoli A, kemikali ya plastiki inayoandikwa BPA. Walipokunywa ya makopo, presha yao ya juu ilipanda kwa takriban 4.5 kuliko walipokunywa ya kioo. Si jambo la kupuuza, hasa kwa anayekula hivyo kila siku. Lakini mimi kwa kuacha kidonge nilipanda 76. Weka hizo namba mbili pamoja halafu uniambie ni ipi ya kukimbiwa kwanza.

Na hiyo BPA unayotaka kuisafisha, mwili wako unaitoa wenyewe. Sehemu kubwa inatoka kwenye mkojo ndani ya siku moja. Tatizo ni kwamba kesho unaiingiza tena. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, familia tano huko California ziliacha vyakula vya makopo na vilivyofungwa kwenye plastiki, zikala vyakula freshi visivyofungashwa hivyo, kwa siku tatu tu. BPA kwenye mikojo yao ikashuka kwa asilimia 66. Hakuna aliyekunywa dawa yoyote. Zile chembe za kwenye mishipa nazo, hakuna dawa ya kunywa inayojulikana kuziondoa, kwa hiyo anayekuuzia anakuibia mara mbili, pesa na muda.

Badilisha chombo, vidonge viache palepale. Hiyo ndiyo kanuni yangu. Siku hizi kijana akija dukani anakuta bakuli langu la bati lenye mfuniko, anamimina humo. Matoke tunafunika kwa majani ya ndizi kama bibi zetu walivyofanya, bila kavera juu ya sufuria. Chai ya moto naikataa kwenye kikombe cha plastiki hata msibani. Ftalati, kemikali zinazolainisha aina ya plastiki iitwayo PVC, hazijashikamana nayo sawasawa, joto na mafuta vinazing'oa, kwa hiyo mchuzi wa moto wenye mafuta ndio wa kuogopa kuliko kitu kikavu na cha baridi. Bakuli lilinigharimu shilingi 12,000. Watoto wangu wanajua: mchuzi ukiingia kwenye kavera, baba anageuka simba.

Kama amlodipini inakuvimbisha miguu au inakusumbua kwa namna nyingine, rudi kwa daktari, akubadilishie. Dawa za presha ziko za aina nyingi. Usijiamulie mwenyewe, wala usiamuliwe na mtu anayebeba asali, sabuni na dawa ya moyo kwenye mfuko mmoja.

Kesho asubuhi kapime kabla ya chai. Ile namba ya juu na ya chini, ziandike hapa nizione.