Mwalimu wa Katuni Awe na Sura ya Nani?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari ya wasichana. Tumepata programu ya kompyuta yenye mwalimu wa katuni anayezungumza, ambaye sura yake huchaguliwa na mwanafunzi, na karibu wote huchagua mwanamume wa makamo. Je, niwaache wamchague wampendaye?

JIBU: Usiwaachie, Mwalimu, kwa sababu chaguo lao huenda linatokana na dhana ileile ambayo mwalimu wa fizikia kwa wasichana hupigana nayo, kwamba fizikia na uhandisi ni mambo ya wanaume. Amy Baylor na Ashby Plant, wakiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, Marekani, waliwaonyesha wanafunzi wa kike wa chuo wahusika wa katuni wa jinsia, umri na mitindo tofauti, na walipowauliza wangependa nani awafundishe uhandisi, wengi walielekea kwa wanaume. Hata hivyo, katika utafiti wa timu hiyo uliochapishwa mwaka 2008, waliowazidishia wasichana imani kwamba nao wanaiweza kazi hiyo ni wahusika waliofanana nao, vijana wanaokwenda na wakati. Kupendwa na mwanafunzi ni jambo moja, kumjenga ni jambo jingine, na wewe umeajiriwa kwa hilo la pili.

Utafiti wa timu hiyo wa mwaka 2010 uliongeza jambo linalotuhusu sana sisi: kwa wanafunzi wa kike weusi, mhusika aliyelingana nao kwa jinsia na pia kwa rangi ndiye aliyeelekea kufaa zaidi. Ikiwa programu yenu ina msichana Mwafrika, anza naye.

Sura peke yake haitoshi. Katika majaribio ya Florida mhusika alisimulia habari za wahandisi wanawake na manufaa ya kazi zao, akipinga waziwazi dhana zinazowakatisha wasichana tamaa. Kwa hiyo sikiliza kwanza maneno ya mwalimu wenu wa katuni kabla ya kumfikisha darasani. Mimi ningempendelea yule anayekiri kwamba hesabu fulani ilimshinda mwanzoni, kisha akaonyesha hatua kwa hatua jinsi alivyoimudu, kuliko asiyekosea kamwe; Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyeeleza namna tunavyojifunza kwa kuwatazama wenzetu, alisisitiza kwamba mafanikio ya mtu tunayefanana naye, yaliyopatikana kwa juhudi, hutuongezea imani kwamba nasi tunaweza. Baada ya kipindi, waulize wanafunzi wako ni mhandisi gani mwanamke wanayemfahamu katika wilaya yenu, kisha mwalike aje kuzungumza nao.