Kuendesha modeli mara moja si matokeo

Mwalimu, nataka kuunda modeli ya mawakala, yaani ya kuigiza kwenye kompyuta jinsi ugonjwa unavyoenea. Nianze na NetLogo au Python?

Swali hili haliishi, na jibu halijabadilika. Kama hujawahi kuandika msimbo, chukua NetLogo, programu ya kuunda modeli za aina hii: ni ya bure, ipo tangu 1999, na maktaba yake ina modeli ya virusi unayoweza kuifungua leo ukaibomoa. Kama Python unaijua, tumia Mesa, maktaba yake ya kazi hiyohiyo. Kama mwezi umekwisha na bado unalinganisha programu, tatizo si programu.

Hao mawakala ni akina nani?

Si wale wa kutoa na kuweka pesa. Ni watu, mbu au kaya, kila mmoja ana hali yake na kanuni anazozifuata.

Watu 1,000, mgonjwa mmoja, na ugonjwa ukazimika siku ya nane. Nimekosea wapi?

Umeendesha mara moja, basi. Ikiwa kila mgonjwa huambukiza wastani wa watu 2, na siku ya kupona inaamuliwa kwa bahati nasibu, mlipuko unaoanza na mtu mmoja huzimika wenyewe karibu nusu ya mara. Ukianza na wagonjwa 5, ni kama mara 3 tu katika 100. Endesha mara 200, kila mara kwa mbegu tofauti ya namba nasibu (namba inayoanzisha bahati nasibu ya kompyuta), na mbegu hizo uziandike mahali. Usichanganye zilizozimika na zilizolipuka ukatafuta wastani; utaripoti mlipuko ambao haukutokea hata mara moja.

Ukiwa humo kwenye msimbo, kagua na hili. Juma anaambukizwa, na katika hatua hiyohiyo zamu yake inafika, anamwambukiza Asha, Asha naye jirani yake. Mtaa mzima umekwisha kwa siku moja! Kusanya kwanza orodha ya watakaoambukizwa, hali zao uzibadilishe mwisho wa hatua.

Kasi ya kupona ni 0.2 kwa siku. Nikitumia hatua ya wiki nizidishe kwa 7?

Utapata 1.4, na uwezekano hauzidi 1. Toa e yenye kipeo cha hasi 1.4 kutoka kwenye 1: karibu 0.75. Hata hivyo, ugonjwa wa siku tano hauendeshwi kwa wiki. Baki na siku.

Nimegawa vyandarua kwa nusu ya kaya, malaria haishuki.

Mbu wako wanakufa lini? Wengi huandika chandarua kama ukuta tu: mbu akizuiwa hapa, anahamia kwa jirani asiye na chandarua, na jumla ya kuumwa inabaki ileile. Chandarua chenye dawa kinaua, na nguvu yake kubwa iko hapo. Vimelea huhitaji takriban siku 10 ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza. Mbu wakinusurika kwa 0.9 kila siku, 35 katika 100 huzimaliza siku hizo. Ikishuka hadi 0.8, wanabaki 11. Weka kifo hicho kwenye kanuni ya mbu. Halafu punguza nguvu ya dawa kadiri miezi inavyopita, maana chandarua cha mwaka wa tatu si kile kilichotoka kwenye pakiti.

Nina vigezo 14 (namba za modeli ninazoweza kuzirekebisha) na takwimu za zahanati moja. Modeli imekaa sawasawa juu ya takwimu!

Kwa vigezo 14 ingekaa hata juu ya bei za nyanya. Vingi vifunge kwa thamani zilizokwisha kupimwa, acha viwili au vitatu, na sehemu ya takwimu ifiche kwa ajili ya kupima. Kumbuka zahanati inahesabu waliofika, si walioumwa.

Maelezo ya ODD, ule muundo wa kawaida wa kueleza modeli ya mawakala kwa maandishi, ni lazima?

Ndiyo, na yaandikwe kabla ya msimbo.

Msimamizi wangu anasema milinganyo inatosha, mawakala hawahitajiki. Nimshawishi vipi?

Huenda hakuna la kumshawishi. Milinganyo ya Kermack na McKendrick ya 1927, ya kuenea kwa magonjwa, inaingia kwenye ukurasa mmoja na kujibu kwa sekunde. Mawakala wanahitajika pale nani anakutana na nani kunapobadilisha jibu: kaya, wodi, bweni. Nukta zinazotembea juu ya ramani hupendeza kikaoni, lakini hazijibu swali. Mwandikie kanuni moja ambayo milinganyo haiwezi kuibeba. Ukiikosa, msikilize.