Barua ya serikali ya mtaa haitoshi

Ndugu yangu, umeuliza kama barua ya mwenyekiti wa mtaa inatosha kununua kiwanja kinachopakana na mikoko hapa Dar na kujenga. Haitoshi hata kidogo. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri ya manispaa au jiji, na nayo inabanwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: kifungu cha 57 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingo wa mto. Mikoko yenyewe ni hifadhi iliyo chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Desemba 2015, nyumba za Bonde la Msimbazi zilipobomolewa, baadhi ya waliolia walikuwa na karatasi mkononi. Inauma sana. Mpeleke mpima ardhi kwanza, apime hizo mita, ndipo uongee bei.