Kuku wa kuoka kwa majani: ndimu na siki zisubiri mwisho

Ukinialika jikoni kwako hapa Tanga, ukaniambia kuku umeshamlaza kwenye ndimu tangu jana usiku, nitakwambia ukweli: huyo mtie kwenye mchuzi, kuoka hakumfai tena.

Najua tumelelewa hivyo. Kuku hajashuka vizuri kutoka kwenye kikapu, ndimu zimeshakatwa. Kwa kuku wa nazi, au vipande vya kukaanga haraka, ndimu ya nusu saa haina ubaya wowote. Ila kuku wa kuoka tunamtaka atoke na ngozi kavu iliyoiva rangi, na ndani nyama ibaki na maji yake. Ndimu ya usiku kucha huyazuia yote mawili. Asidi huibadilisha nyama ya juu, ukiiangalia imekuwa nyeupe kana kwamba imeshapita motoni, na ikiokwa inakuwa ungaunga mdomoni. Ngozi nayo imelowa, haishiki rangi hata ufanyeje.

Huyu ni kuku ninayempika mara kwa mara, kwa wageni wangu na kwa watu wanaoniagiza mwisho wa wiki, na ninachokishikilia ni mpangilio. Chumvi iingie mapema. Majani magumu yaende na moto. Siki, ndimu na majani laini vije mwisho kabisa, kuku akishatoka motoni. Ukali wa siki ninaupenda sana, na kwa sababu ninaupenda sitaki ufie kwenye oveni.

Nianze na kuku mwenyewe. Chukua wa kisasa, wa kilo moja na robo hivi akishatolewa matumbo. Watu wa Pwani kuku mtamu kwetu ni wa kienyeji, na utamu wake siubishi. Lakini kuku wa kienyeji aliyekwisha taga misimu, aliyechakura uani maisha yake yote, nyama yake imekomaa. Huyo anataka maji na muda mrefu, joto kavu la saa moja litamkaza tu. Kama moyo wako uko kwa kienyeji, tafuta pora au tembe ambaye hajaanza kutaga. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki 5 hadi 6, nyama yake ni laini na ladha yake ni ndogo, kwa hiyo majani na siki vinapata kazi ya kufanya.

Nikienda sokoni Mgandini humwahi muuzaji kabla hajashika kisu: "Mwanangu, usinikatie vipande. Nitolee uti wa mgongo tu, umlaze bapa." Ataniuliza, "Wa kuchoma, mama?" Namwitikia ndiyo, maana mpasuo ni uleule. Kuku akiwa bapa, mapaja yanapata joto sawa na kidari. Akiokwa mzima, kidari kinakauka huku nyama ya pajani karibu na mfupa bado ina damu. Huo uti wa mgongo uombe uondoke nao, utakufaa kwa supu.

Kuhusu kuosha: maji ya bomba yakimpiga kuku mbichi, matone yanaruka mpaka kwenye vyombo na kachumbari, na vijidudu vya tumbo husafiri na matone hayo. Kama mkono wako haukubali kuacha, muoshe ndani ya beseni taratibu, mwaga maji kwa uangalifu, kisha osha beseni, sinki na mikono kwa sabuni. Halafu mkaushe. Hapo kwenye kukausha ndipo ninapokaza sana. Tumia kitambaa safi au karatasi za jikoni, pitia chini ya mabawa, kwenye mikunjo ya mapaja, kila mahali. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, na rangi ile tunayoitafuta huanza kujijenga vizuri ngozi ikifika kama nyuzi 140. Ngozi ikiwa na maji, moto wote unaishia kuyakausha maji hayo, na kuku wako anapikwa kwa mvuke.

Chumvi ya mezani vijiko viwili vya chai inatosha kwa kuku wa ukubwa huo. Ingiza vidole kati ya ngozi na nyama ya kidari, taratibu isichanike, upake chumvi mle ndani pia, kisha juu na upande wa mifupa. Mwanzoni chumvi huvuta maji nje. Ukimpa muda, maji yale yale yaliyoyeyusha chumvi hurudi ndani ya nyama, na ladha inafika hadi mfupani. Mlaze kwenye friji usiku kucha bila kumfunika, rafu ya chini kabisa asidondoshee vyakula vingine. Asubuhi utakuta ngozi imekauka na kubana. Usijaribu kumkausha mezani. Hewa yetu ya baharini ina unyevu mwingi na joto lake huharibu nyama upesi. Asiye na friji ampake chumvi, amwache dakika 45, amfute tena maji yaliyotoka, aingie jikoni.

Sasa majani. Watu huchukua kila jani lenye harufu, wanalisaga pamoja, wanampaka kuku na kumtia motoni. Majani laini yanaungua na kuwa machungu, na ile harufu waliyoinunua inaondoka na moshi. Rozimari na thaimu zina majani makavu, magumu, yenye mafuta mazito, zinavumilia joto la saa nzima. Mjini kwetu utazipata kwa wauzaji wa mboga zinazoshuka kutoka Lushoto, na rozimari hata kwenye chungu barazani inakaa, mradi usiimwagilie kupita kiasi. Kotmiri, nanaa na mrehani hayo ni majani laini, yasikaribie moto.

Mrehani kwetu ni wa kikuba, kile kishada cha kunukia wanachovaa wanawake, pamoja na asumini na kilua, na wako watu watashangaa ukiwaambia unautia kwenye chakula. Utie. Harufu yake na siki zinapatana ajabu. Ila usiuchanganye na kivumbasi kile cha kufukuzia mbu, kina ukali wa dawa na kitafunika kila kitu.

Majani ya rozimari kijiko kimoja cha chakula, yakatwe madogo sana, thaimu kiasi hicho hicho, punje nne za kitunguu saumu zilizopondwa, pilipili manga iliyosagwa muda huo huo, na samli vijiko vitatu. Nasema samli kwa makusudi. Siagi ina maji ndani yake na chembe za maziwa zinazoungua mapema. Samli imeshachujwa hayo yote, inastahimili moto mkubwa, na harufu yake ni ya nyumbani. Nusu ya mchanganyiko ipeleke chini ya ngozi, na hakikisha vitunguu saumu vyote vimeingia huko, kwa sababu juu ya ngozi vitaungua. Inayobaki paka juu nyembamba. Chumvi usiongeze.

Mwenye oveni aiwashe mapema ifike nyuzi 200 kabla kuku hajaingia. Tandaza vitunguu maji na viazi vilivyokatwa vinene kwenye sinia la kuokea, mlaze kuku juu yake ngozi ikitazama juu. Dakika 45 hadi 55 zinatosha kwa kawaida. Usimfunike kwa karatasi ya foili, usimwagilie mafuta kila mara, na usifungue fungue mlango.

Asiye na oveni asisikitike. Pwani tumeoka mkate wa kumimina na keki kwa kupalia makaa juu na chini tangu kabla umeme haujafika majumbani, na kuku anaokeka vivyo hivyo. Tafuta sufuria nene, pana, kuku alale bila kukunjwa, na mfuniko wa bati ulio bapa unaoweza kubeba makaa. Washa mkaa mpaka uwe mwekundu wote na moshi uishe. Chini acha makaa machache, juu weka mengi, kwa sababu rangi inatoka juu na chini kunaungua kwanza. Vitunguu na viazi vilivyotandazwa hapa vina umuhimu zaidi, vinamwinua kuku asikaangike kwenye mafuta yake. Tatizo la sufuria ni mvuke. Ikifika nusu saa, inua mfuniko kwa uangalifu makaa yasimwagike, futa maji yaliyojikusanya upande wa ndani, rudisha, ongeza makaa juu. Rudia tena kama dakika 10 kabla ya kumtoa. Ngozi haitakuwa kavu sana kama ya oveni, lakini atapata harufu ya mkaa ambayo oveni haina.

Kujua kama ameiva, usitegemee rangi ya ngozi. Kipimajoto kikichomekwa kwenye nyama nene ya paja bila kugusa mfupa kisome nyuzi 74 au zaidi. Kama hunacho, choma pale paja linapoungana na mwili: maji yanayotoka yawe maangavu, na mguu ukiutikisa ulegee kwenye kiungo. Ukiona maji yenye rangi ya waridi, rudisha kuku motoni dakika 10.

Wakati yuko motoni ndipo ninapotengeneza siki yangu, yaani sosi ya siki na mafuta. Wafaransa huchanganya mafuta sehemu tatu kwa siki sehemu moja kwa saladi ya majani. Kwa kuku mwenye samli mimi napunguza mafuta, mbili kwa moja, la sivyo unakuwa unamwaga mafuta juu ya mafuta. Tumia bakuli la kioo au la udongo. Sufuria ya alumini usiitumie, asidi inaila na sosi inapata ladha ya chuma.

Siki vijiko vitatu vya chakula na maji ya ndimu kijiko kimoja. Tia chumvi nusu kijiko cha chai, asali kijiko kimoja cha chai, na kitunguu maji kidogo kilichokatwa kama mchele. Iache dakika 10. Chumvi inayeyuka kwenye siki, haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo lazima itangulie. Kitunguu nacho kinapoteza ule ukali unaobaki mdomoni mpaka jioni. Ongeza haradali ya kopo kijiko cha chai, hiyo ndiyo inayoshikanisha siki na mafuta visitengane upesi. Sasa mimina mafuta vijiko vinane, kidogo kidogo, huku unakoroga bila kuacha. Mafuta ya zeituni ni mazuri lakini bei yake inauma. Ya alizeti yanafanya kazi vizuri, na mimi hupenda vijiko sita vya alizeti na viwili vya ufuta.

Siki angalia unayonunua. Siki ya kawaida ya kulia ina asidi kama asilimia 5. Ile nyeupe ya bei nafuu huwa kali na haina ladha nyingine zaidi ya ukali, hivyo punguza kijiko kimoja na badala yake weka maji ya chungwa. Machungwa ya Muheza, hata yakiwa kijani nje, ndani yana utamu wa kutosha kuilainisha. Msimu wa embe mbichi mimi huparuza kipande kidogo ndani yake, na pilipili mbuzi iliyotolewa mbegu, siyo nyingi, harufu yake tu inatosha.

Kuku akitoka, mpumzishe dakika 10 hadi 15 bila kumfunika. Akikatwa mara moja maji yake yote yanaishia kwenye kibao. Muda huo chota vijiko viwili vitatu vya rojo lililobaki kati ya viazi, uache mafuta ya juu, ulikorogee kwenye siki yako. Halafu katakata kotmiri, nanaa na mrehani, gao la kila kimoja, utie dakika ileile unayopakua. Majani yakikaa ndani ya siki muda mrefu yanageuka rangi ya kahawia.

Na usimmwagie kuku juu. Umeihangaikia ngozi ile tangu jana, usiilowanishe kwa sekunde moja. Mimina nusu ya siki kwenye sinia la kupakulia, mkate kuku vipande vikubwa, uvilaze juu yake ngozi ikiwa juu. Nyama ya moto itainywa siki kutoka chini. Nusu nyingine iende mezani kwenye bakuli, kila mtu ajipimie. Na wali wa nazi anapendeza sana, kwa sababu ukali unakata uzito wa tui. Wakikosa wali, mkate wa ajemi wa kuchovya. Kachumbari sioni haja yake, siki mbili zitagombana.

Kinachobaki kiingie friji ndani ya saa mbili, kuku chombo chake na siki chombo chake. Kuku aliwe ndani ya siku tatu. Siki ya mafuta iliyolazwa na kitunguu na majani mabichi isikae nje ya friji, na ikizidi siku tatu imwage. Asubuhi yake nyama ya kuku ichambue, ikoroge na kijiko cha siki hiyo, ijaze kwenye boflo na vipande vya tango, watoto wabebe shuleni kama kuna njia ya kuiweka baridi, la sivyo waile hapohapo kabla hawajatoka.