Land Rover ya mzee inatoa moshi: nifungue injini mwenyewe?

SWALI: Nina Land Rover Series III ya petroli, injini ya cc 2286, niliyoachiwa na marehemu baba. Inatoa moshi wa bluu na inakula oili. Fundi wa mtaani anasema tubadilishe ringi tu, kazi ya siku moja. Mimi nina spana, kitabu cha gari na banda nyuma ya nyumba. Nifungue mwenyewe au nimwachie fundi? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ifungue, ndugu yangu. Kushusha na kufunga injini ile utaweza ukiwa na subira. Kinachonichosha ni hiyo "ringi tu", maana naisikia kila wiki.

Ringi ni pete za pistoni, kazi yake ni kuziba ndani ya silinda, na silinda hailiki sawasawa. Huliwa zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, tena upande mmoja kuliko mwingine, mpaka tundu linakuwa na umbo la yai. Pitisha ukucha karibu na mdomo wa silinda. Ukikwama kwenye ukingo, hapo ndipo ringi mpya itakapogonga na kuvunjika. Isipovunjika, itazibaje tundu lisilo la mviringo? Silinda hizo zilitoka kiwandani na kipenyo cha milimita 90.47, na uzoefu wa jicho hausomi desimali. Inatakiwa geji ya silinda: juu, katikati, chini, na kila mahali upime pande mbili.

Halafu, nani kathibitisha kwamba ni ringi? Pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena. Ikipanda, tatizo ni ringi au silinda. Isipopanda, shuku valvu. Na moshi unaotoka ukiwasha asubuhi, au baada ya kuteremka mlima mguu ukiwa nje ya pedeli ya mafuta, mara nyingi ni gaidi za valvu, yaani vile vimirija vinavyoongoza miguu ya valvu. Hapo unashusha hedi tu, yaani kichwa cha injini; bloku, mwili wenye silinda, unaiacha ilipo.

Kuchonga bloku na kusaga krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, si kazi za banda lako. Wala si za gereji yangu. Nami napeleka kwa mchongaji kama utakavyopeleka wewe.

Wanaokwepa gharama ya mchongaji ndio wanaoua injini za watu. Nimefungua konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, nikakuta kipande cha bati la kopo nyuma ya ganda la beringi, kimewekwa ili mlio unyamaze gari lipate kuuzwa. Mwingine anaipiga tupa kepu, kile kifuniko cha konrodi, ili beringi ibane, na konrodi hiyo haifai tena mpaka ichongwe upya. Mwingine anapaka silikoni ya kuzibia maungio kama siagi. Inayozidi inadondokea kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la pampu ya oili. Dawa za kopo za kuzuia moshi hata sizitaji. Fundi anayekupa bei na siku kabla hajapima chochote anauza bahati nasibu, hata awe na miaka 30 kazini.

Na usinunue pistoni mapema kwa sababu umezikuta bei rahisi. Zipo za ovasaizi mbalimbali, yaani zinazozidi kipenyo cha kiwandani kwa kama inchi 0.020 au 0.040, na bloku ikishapimwa ndipo utajua unahitaji zipi. Ukizipata, mpelekee mchongaji azipime kabla hajawasha mashine. Anachonga kufuata pistoni aliyoishika, si namba iliyoandikwa kwenye boksi.