Zoezi la kuzika: kwani mtamtoa tena?

Msomaji mmoja wa Morogoro, ambaye kazi yake ni kutafsiri vipindi vya historia, ameniandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Nina kipindi kuhusu makaburi ya Warumi yaliyopatikana London. Nimeandika: 'Zoezi la kuchimba makaburi ya marehemu wa Kirumi lilifanyika nje ya ukuta wa mji wa kale.' Mwenzangu anasema si kuchimba, ni kufukua. Mimi naona ni yale yale. Tuamulie."

Marahaba. Mwenzako amepata. Anayechimba kaburi ana maiti anayengoja. Ukiniambia wataalamu wamechimba makaburi ya Warumi London, nina haki ya kuuliza Warumi hao wamefariki lini na msiba umewekwa nyumba ya nani. Kaburi lililokwisha kufukiwa hufukuliwa. Kiswahili kina mkia mdogo unaokigeuza kitenzi kirudi kilikotoka: funga, fungua, kunja, kunjua, tega, tegua, choma, chomoa. Fukia na fukua wamo humo humo. Hata zika ana zikua wake, yumo kwenye kamusi, ila ukimtumia leo msomaji atadhani kidole chako kimeteleza. Chimbua nalo ni zuri pale unapotaja kilichotoka: wanaakiolojia waliyafukua makaburi, wakachimbua mifupa, taa na shanga. Hapo swali lako limekwisha.

Lakini mwenzako huyo ameona kibanzi akaacha boriti. Boriti ni lile neno la kwanza kabisa, ambalo nyote wawili mmelipita kama mnavyopita mlinzi mliyemzoea getini. Zoezi.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa makaburini, tunamzika jirani yetu. Jua la saa nane, akina mama wamejitandia kanga kichwani, vijana wameegemea majembe. Mshereheshaji (siku hizi hata msiba una mshereheshaji) akashika kipaza sauti: "Ndugu waombolezaji, sasa tunaingia kwenye zoezi la kuteremsha mwili." Mbele yangu alisimama mzee mmoja wa rika la marehemu baba yangu, kofia mkononi. Akageuka, akaniuliza kwa sauti ambayo hakuipunguza vya kutosha: "Zoezi? Kwani mtamtoa tena?"

Nilikohoa ili nisicheke, maana mjane alikuwa hatua tatu kutoka pale. Mshereheshaji hakusikia, au alisikia akaendelea. Tukapata zoezi la kufukia, zoezi la kuweka mashada, zoezi la kutoa shukrani, na tuliporudi nyumbani, zoezi la kunawa mikono. Sufuria la pilau lilipoletwa nikaomba Mungu lisiwe la mazoezi.

Yule mzee hakusomea isimu, lakini alichouliza ndicho chenyewe. Zoea, zoeza, zoezi: ni kitu unachopewa ukifanye na kukirudia mpaka mwili au akili izoee. Mwanafunzi hupewa zoezi la hesabu ili siku ya mtihani asitetemeke. Timu hufanya mazoezi Jumanne ili Jumamosi icheze. Askari kuruta hulenga shabaha ya ubao. Kote huko kuna siku ya kweli inayongojwa, na zoezi likienda kombo hakuna aliyepata hasara. Unafuta, unaanza upya. Mwingereza ana neno lake moja, exercise, analolitumia kwa hesabu za mtoto, kwa kukimbia alfajiri na kwa shughuli rasmi ya serikali. Hayo ni yake na nduguze. Mtu wa ofisini akaichukua ile maana ya tatu, akamtwika zoezi wetu aliyekuwa ametulia na maana zake mbili, na tangu siku hiyo hatupumui: zoezi la chanjo, zoezi la kuandikisha wapiga kura, zoezi la kuhesabu kura. Kura zikihesabiwa kwa zoezi, za kweli zitahesabiwa lini?

Tena neno hili halitembei peke yake. Likiingia kwenye sentensi, huja na mpambe wake, "lilifanyika". Tazama sentensi yako: kitenzi kilichokuwa na kazi ya kufanya, fukua, kizima, chenye nguvu, kimestaafishwa kikawekwa pembeni, na mahali pake wamekaa maafisa wawili, nomino isiyohusika na kitenzi kisichosema lolote.

Na umewachagua watu wabaya wa kuwafanyia hivyo. Mrumi na maziko yake hakuwa na utani. Sheria zao za Mbao Kumi na Mbili, za mnamo mwaka 450 K.K., zilikataza kuzika au kuchoma maiti ndani ya mji. Ndiyo sababu makaburi yao yamepangana kando ya njia kuu za kutokea mjini, kama ile njia ya Appia pale Roma, na ndiyo sababu hayo ya London unayoyatafsiri yako nje ya ukuta. Sheria hizo hizo zilikataza dhahabu isiende kaburini, kisha zikaacha mwanya mmoja: mtu ambaye meno yake yamefungwa kwa dhahabu, azikwe nayo au achomwe nayo, pasiwe na kosa. Watu waliokaa wakafikiri mpaka kwenye meno ya maiti, utawaambia walikuwa kwenye zoezi?

Au chukua Lanuvium, mji mdogo kusini ya Roma. Mwaka 136 B.K. chama kimoja cha huko kilichonga masharti yake kwenye jiwe, na jiwe tunalo. Sisi tungekiita chama cha kufa na kuzikana wala tusingekosea. Kiingilio kilikuwa sesterti 100, sarafu za Kirumi, na mtungi wa divai nzuri. (Hilo "nzuri" nalipenda; bila shaka kuna mwanachama aliyewahi kuleta mbaya.) Kila mwezi asi 5, vijisarafu vya shaba. Ukifa, chama kinatoa sesterti 300, na katika hizo 50 zinagawiwa pale pale penye kuni za kuchomea maiti. Ukikaa miezi 6 mfululizo hujalipa kisha ukafa, imekula kwako, hata kama umeacha wasia. Ukifia mbali, zaidi ya maili 20 kutoka mjini, na habari ikafika, wanateuliwa watu watatu waende kukuzika, kila mmoja na posho ya safari ya sesterti 20.

Katibu yeyote wa chama cha mtaa, Mbagala au Likoni, akisoma jiwe hilo atadhani mtu amemwibia daftari. Sasa jaribu kuandika: "Wajumbe watatu walisafiri kwa ajili ya zoezi la mazishi." Umewageuza watu wazima kuwa watoto. Wametoka kwao na posho mfukoni, wametembea maili zaidi ya 20, wamefika, wakajaribu kuzika.

Kitanda cha maiti cha Holborn, mtaa mmoja wa London, lazima kimo kwenye kipindi chako. Habari zake zilitangazwa Februari 2024: kando ya kilichokuwa mto Fleet, kina cha kama mita 6 chini ya barabara ya leo, ndani ya tope lililolowa karne zote hizo mbao zisioze, kikatokea kitanda cha maiti cha mti wa mwaloni. Miguu yake imechongwa, viungo vimeshikwa kwa vigingi vidogo vya mbao. Katika makaburi hayo walipata pia majeneza matano ya mwaloni, shanga, na taa yenye picha ya mpiganaji wa uwanjani aliyekwisha kushindwa, yuko chini. Wataalamu wanadhani kitanda hicho ndicho kilichombeba maiti mpaka kaburini, na kwamba kilifumuliwa kwa utaratibu, vipande vikapangwa kaburini pamoja na mwenyewe.

Hapo, kama ningekuwa mfasiri, ningesita kidogo kabla ya kuandika "jeneza". Huko bara jeneza ni sanduku, linashuka na mtu wake halirudi. Pwani, jeneza la Mwislamu ni la kubebea tu, na wazee waliliita pia tusi; likishafikisha, linarudishwa msikitini kumngoja mwingine. Kitanda cha Holborn kilibeba kama la pwani kikazikwa kama la bara. Basi kiite kitanda. Na nikiri kwamba jeneza la msikiti, kwa safari zake za kwenda na kurudi, ndilo kitu pekee makaburini chenye haki ya kusema kimezoea.

Najua mbishi atakuja na hoja: mbona Warumi walirudia? Ni kweli walirudia. Kila mwaka, kuanzia tarehe 13 hadi 21 Februari, walikuwa na siku za kuwakumbuka wazazi waliokufa, wakaenda makaburini na vyakula na divai. Pale Isola Sacra, karibu na bandari ya Roma, maskini waliweka mtungi kaburini, shingo imechomoza juu ya ardhi, na wengine mrija, ili divai ikimiminwa imfikie aliye chini. Aleksandria, kwenye makaburi ya Kom el Shoqafa yaliyogunduliwa mwaka 1900, kuna chumba kizima cha karamu kilichochongwa mwambani kwa ajili ya jamaa waliokuja kula na wafu wao. Jina lenyewe la mahali maana yake ni kilima cha vigae, na inasemekana ni vya vyombo walivyovivunja badala ya kurudi navyo nyumbani. Lakini jambo linalorudiwa namna hiyo lina majina yake siku zote: ada, desturi, mila, kama arobaini na hitima za kwetu. Anayekwenda kumimina divai kwenye kaburi la mama yake hajifunzi kumimina.

Kwenye "mazishi" na "maziko" nimekwisha kunyoosha mikono. Tulifundishwa kwamba maziko ni tendo la kuzika, na mazishi ni vile vinavyohitajika kuzikia, sanda na vinginevyo. Tofauti hiyo ingewafaa sana wanaakiolojia, ambao kutwa wanahesabu tendo upande huu na vitu upande ule. Lakini leo kila mtu anasema mazishi kwa yote, na mimi mwenyewe nikipigiwa simu ya msiba nauliza "mazishi lini?" kama wengine. Lipite.

"Marehemu" sikupitishii. Asili yake ni Kiarabu, aliyerehemiwa, na ndani yake mna dua kwa mtu tuliyemjua au anayeliliwa na mtu tunayemjua. Mrumi wa London amelala huko zaidi ya miaka 1,600, hana anayemlilia, na waliomzika walikuwa na maneno yao ya kumwombea: walichonga kwenye jiwe herufi nne, S T T L, yaani udongo uwe mwepesi juu yako. Mwache na dua yake. Sema aliyezikwa, au maiti, au mifupa ikiwa ni mifupa. Usinipe wala "mabaki ya mwili wa binadamu"; mabaki ni ya chakula.

Kuna mahali pamoja ambapo zoezi na makaburi vinakutana kihalali, nami si mchoyo. Wanafunzi wa akiolojia, kabla hawajaachiwa kaburi la kweli, hupewa sanduku la mchanga lenye mifupa ya plastiki. Wanafukua kwa mwiko na brashi, wanapima, wanachora, mwalimu anawakaripia, wanafukia, kesho wanafukua tena. Hilo ni zoezi. Mle ndani hata yule mzee wa kofia angejibiwa: ndiyo baba, tutamtoa tena.

Sentensi yako basi iwe: "Makaburi ya Warumi yalifukuliwa nje ya ukuta wa mji wa kale." Yametoka maneno matano. Kama unalipwa kwa neno, uniwie radhi.